Wiki sita Ulaya na familia: nikodi gari kawaida au nichukue lizi ya Ufaransa ya plate nyekundu?

Baba_Watatu:
Wakuu habari za humu. Naenda moja kwa moja maana nimesoma hii kitu mpaka macho yanauma. Naishi Houston, mwezi wa saba panapo majaliwa nashuka Paris na wife na watoto watatu, mama yangu mzazi anatokea Dar tunakutana hapo hapo Charles de Gaulle. Jumla tuko sita, na mabegi yetu mnayajua. Mpango ni wiki sita, tunaanza Ufaransa, tunapanda Rotterdam kwa mdogo wangu, tunashuka Ujerumani, Uswisi, Italia mpaka Florence alafu tunarudi Paris kupanda ndege. Treni nimepiga hesabu kwa vichwa sita nikafunga kompyuta.

Sasa nina kotesheni mbili mezani. Ya kwanza kukodi kawaida, gari la siti saba otomatiki, inakuja kama euro 3,150, lkn ukiongeza bima ile ya kuondoa makato yote (ile hela unayolipa mwenyewe gari likiumia) inafika euro 4,200. Ya pili ni hii wanaita lizi ya muda mfupi, gari jipya kabisa la kiwanda, euro 2,900 na bima kubwa ndani yake, kilomita hazina kikomo. Nikiona kitu kipya na bei rahisi akili yangu ya Kariakoo inaniambia kuna mtego. Upo wapi? Aliyewahi kutumia aje. Nawasilisha.

dogo_wa_Sinza:
Nimekaa pale mbele kabisa nasubiri wajuzi. Na mimi nina ndoto zangu hata kama pasipoti bado mpya haina muhuri hata mmoja

Mnyakyusa_Lyon:
Mkuu hakuna mtego, kuna kodi. Ngoja nikueleze kwa urefu kidogo maana nipo huku Ufaransa na ndugu zangu wa Canada na Afrika Kusini wakija wanachukua hizo hizo.

Ufaransa wana utaratibu unaitwa TT, transit temporaire, ni wa watu wanaoishi nje ya Umoja wa Ulaya wanaokuja kwa muda. Mtu wa namna hiyo anaruhusiwa kutumia gari jipya bila kulipa VAT, na VAT ya huku ni asilimia 20, kwa hiyo hapo tayari unaona bei inaporomokea wapi. Kisheria hukodi, unanunua gari alafu wenyewe wanalinunua tena kwako siku ya kurudisha, bei ya kununua na kuuza imeshapigwa kwenye ule mkataba, wewe unalipa tofauti tu. Wao baadae wanaliuza kama used yenye kilomita chache. Kadi ya gari inatoka na jina lako, plate namba inakuwa nyekundu. Wanaofanya hii biashara ni Renault na Dacia upande mmoja, Peugeot, Citroën na DS upande wa pili. Muda mfupi kabisa ni siku 21, mrefu siku 175. Chini ya wiki tatu usihangaike nayo kabisa, kodi kawaida.

Kitu kimoja watu wanachanganya, wanaangalia unaishi wapi, sio pasipoti ya rangi gani. Mbongo wa Houston anapata, Mfaransa anayeishi Nairobi anapata, lkn mimi Mbongo niliyeandikishwa Lyon sipati hata nilie.

Wa_Kilindini:
Sawa lakini si mumwambie pia upande wa pili jamani. Hiyo lizi unalipa yote kabla hujapanda ndege, pesa yote. Ukiahirisha safari wiki ya mwisho unakatwa, ukirudisha gari mapema usitegemee kurudishiwa za siku zilizobaki. Kukodi kawaida ukipata ile ya kufuta bure mpaka siku moja kabla, mama akinyimwa viza unafuta tu na maisha yanaendelea. Hivi mamako viza ashapata?

Baba_Watatu:
@Wa_Kilindini bado, ana miadi mwezi ujao. Hilo sikuliwaza kabisa aisee

Wa_Kilindini:
Basi anzia hapo bwana. Viza kwanza, gari baadaye. Na uombe siku za kutosha, isije ikawa wewe una mkataba wa siku 42 na mama kapewa siku 30.

Fundi_Kanuni:
Hapo kwenye siku niongezee kwa wasomaji wengine sio mleta uzi tu. Mtu anaona "siku 175" anashangilia, kumbe ndugu yangu uwe na pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda yenye viza, au hata ya Marekani, Schengen (zile nchi za Ulaya zenye viza moja) kwa matembezi hupati zaidi ya siku 90 ndani ya kila siku 180, basi. Gari litakuwa na ruhusa ya kukaa we huna. Zile siku 175 zinamfaa mtu anayechanganya, mathalani miezi mitatu Schengen alafu anavuka Uingereza au Ireland au anaingia Albania, Serbia huko ambako siku za Schengen hazihesabiwi. Na kila nchi kati ya hizo ina masharti yake ya viza kwa sisi wa pasipoti za nyumbani. Tangu Oktoba 2025 wameanza mfumo wa kusajili alama za vidole na picha mpakani, unaoingia mahali pa muhuri, kwa hiyo ile ya kusema askari hakuona tarehe vizuri imekwisha, mashine inahesabu.

Chuma_cha_Reli:
Ngoja niwape ya kukodi kawaida ili mjue kwanini watu wanakimbilia lizi.

Nilikodi Italia, kampuni jina nalihifadhi, gari zuri, bei ya mtandaoni ya kuchekesha. Nafika kaunta, kadi yangu ya debit wakaikataa, wanataka kadi ya krediti yenye jina la dereva na iwe na maandishi yale ya kuinuka. Nikatoa ya krediti wakablok euro 1,500. Sio kwamba wamekata, wamezishika tu, lkn kwangu zile ndio zilikuwa hela za kula safari nzima. Siku ya kurudisha jamaa akaja na tochi yake akainama kwenye rim ya mbele kushoto, akapitisha kidole, akasema mkwaruzo. Ule mkwaruzo ulikuwepo, nilikuwa na video ya saa ile nachukua gari, yenye tarehe, kwenye parking yao wenyewe. Tukabishana dakika arobaini na ndege inaita. Ile video ndio iliniokoa, bila hivyo ilikuwa euro 480 zinaondoka kwenye zile 1,500 na barua ninayo mkononi.

Sasa lizi hii kitu haina. Hakuna hela ya kushikwa, bima haina makato, ukirudisha na mkwaruzo unajaza fomu ya ajali unaondoka. Kwa mtu wa watoto watatu wanaofungua milango kama wanapiga ngumi ukuta, amani ya roho tu inatosha.

mama_Tumbatu:
Asalam aleikum ndugu zangu. Miye nipo Maskati, huku kwetu mambo mengine kabisa, gari la mwezi ndilo rahisi, watu wanakodi kwa mwezi na mwezi na bei ya siku inashuka sana. Ila hata huku ukitaka kuvuka kwenda Dubai na gari la kukodi lazima upate barua ya ruhusa ya mwenye gari na bima ya nchi ya pili, bila hivyo wanakurudisha mpakani. Sasa nauliza, huko Ulaya gari la kukodi linavuka mipaka vivi hivi?

Mnyakyusa_Lyon:
@mama_Tumbatu wa aleikum salaam mama. Linavuka, hakuna mtu anayekusimamisha mara nyingi, ila mkataba ndio unaoongea. Kampuni nyingi zinakubali Ulaya magharibi, ukienda Balkan au mashariki wanaweka masharti au wanataka ulipie ruhusa ya kuvuka, na magari ya kifahari ya Kijerumani wanakataza nchi kadhaa kwa sababu ya wizi. Ukivunja sharti bima inakufa kimya kimya, utajua siku ya ajali. Lizi ya TT orodha ya nchi ni ndefu, karibu Umoja wa Ulaya wote, Uswisi, Norway, Uingereza na kadhalika, lkn nayo usome orodha kabla ya kuchora ramani, Afrika kaskazini na Uturuki uliza kwanza kwa maandishi.

Na Baba_Watatu, mdogo wako wa Rotterdam asishike usukani. Wanaoendesha kwa kawaida ni wewe mwenye mkataba, mkeo, wazazi wenu na watoto. Yeye ni mdogo mtu na tena mkaazi wa Uholanzi, akisimamishwa na lile gari lisilolipiwa kodi inakuwa kesi ya forodha wala sio ya trafiki.

Baba_Watatu:
Duh. Na yeye ndio alishajipa udereva wa kwenda Ujerumani anasema autobahn anaijua.

dogo_wa_Sinza:
😂😂😂 mwambie akae nyuma asome ramani

Daktari_wa_Clutch:
Nyie wote mnaongelea karatasi, mimi naongelea chuma. Watu sita. Siti saba. Mabegi. Umewahi kufungua buti ya Peugeot 5008 siti zote saba zikiwa zimesimama? Unaingiza begi mbili za mkononi na pochi ya mama basi. Gari la siti saba ni la watu watano na mzigo, au watu saba wanaoenda kanisani. Wiki sita na bibi ndani, unahitaji kitu kama Renault Trafic ya siti tisa, leseni ya kawaida inaendesha mpaka watu tisa na dereva ndani yake. Ila napo kuna kasheshe, Trafic urefu wake kwenda juu ni mita 1.97 na parking nyingi za chini ya ardhi huko Ufaransa bango lake linasema mita 1.90. Utafika katikati ya mji umechoka, GPS inakuambia parking ipo mita mia, unaona ile bomba inaning'inia mlangoni na foleni nyuma yako inapiga honi.

Kwa hiyo uchague, dari au buti. Ningekuwa mimi nachukua hiyo Trafic na natafuta malazi ya nje ya mji yenye uwanja, mjini naingia na treni.

Otomatiki pia uthibitishe kwa maandishi. Ulaya manyuo bado ni ya kawaida, kwenye kukodi oda ikiandikwa "au linalofanana" unaweza kupewa la gia, kwenye lizi unachagua modeli kamili na ndio hiyo hiyo inayokuja.

Baba_Watatu:
@Daktari_wa_Clutch aisee umeniamsha. Wife alikuwa anasema hivyo hivyo nikamwambia tutabana

Wa_Kilindini:
Sikiza wife.

Fundi_Kanuni:
Tuongelee vitu vidogo ambavyo kotesheni haisemi.

Lizi gari unalipewa na wese kidogo sana, linatosha kufika sheli ya karibu tu, kwa hiyo hata usijaribu kuanza safari ya Normandy moja kwa moja, uliza wale wanaokukabidhi sheli iko upande gani ujaze. Raha yake ni kwamba unarudisha hata tenki ikiwa tupu. Kukodi kawaida unapewa fulu tenki unarudisha fulu tenki, ukisahau wanakujazia kwa bei yao.

Alafu stika za kulipia hayawei na za moshi. Gari la lizi ni la Ufaransa, linakuja halina stika za nchi nyingine. Uswisi hayawei zake zinataka ile ya mwaka, faranga 40, hawana ya wiki wala ya mwezi, siku hizi unanunua mtandaoni kwa namba ya gari. Ujerumani hayawei bure, ila kuna miji mingi huingii katikati bila stika ya kijani ya moshi, gari la kukodi Ujerumani tayari linayo, la kwako la Ufaransa utanunua mwenyewe. Ufaransa mageti ya kulipia ni pesa kweli, Paris hadi Lyon peke yake ni karibu euro 40 kwa gari dogo, na gari lenye kimo cha zaidi ya mita mbili linaingia kundi la pili la bei, Trafic yenye 1.97 inapona. Ile ya A13 kwenda Normandy wameondoa mageti kabisa, kamera inapiga picha, una saa 72 kulipa mtandaoni. Hapo ndio tofauti ya lizi na kukodi inaonekana tena. La kukodi bili ikichelewa inaenda kwa kampuni, kampuni inachukua "gharama ya ofisi" yake ndio inatoa jina lako. La lizi jina ni lako moja kwa moja, unalipa ulichokula.

Chuma_cha_Reli:
Na Florence! Baba usiingie Florence na gari. Kuna bango jeupe duara jekundu limeandikwa Zona Traffico Limitato, pembeni kibao cha taa, kikiandika "varco attivo" maana yake kamera iko kazini, na plate nyekundu haikufichi. Ukipita kamera bila ruhusa ni faini, wala usizunguke humo kutafuta hoteli. Waitaliano wana siku 360 za kumtumia mtu wa nje barua, utakuwa umeshasahau hata rangi ya gari. Hoteli ikiwa ndani ya eneo wapigie simu kabla wasajili namba ya gari, wanafanya hivyo kila siku. Au paki nje upande tram line inapoanzia, unaingia na tram.

Leseni ya Texas pia Italia wanataka na ile ya kimataifa, ichukueni huko huko Marekani kabla hamjatoka, kuihangaikia ukiwa huku ni usumbufu.

Mnyakyusa_Lyon:
Nyongeza ya bima maana naona mmeisifia sana. Bima ya lizi ni ya gari. Haihusu mabegi. Mwizi akivunja kioo, kioo kinabadilishwa bure, laptop na pasipoti za watoto zimeenda. Na plate nyekundu inasema wazi huyu ni mgeni ana mzigo, hasa kusini, kuanzia Marseille mpaka njia ya Barcelona. Ukisimama sheli ya hayawei mtu mmoja abaki garini, hata kama ni kukojoa tu. Akitokea msamaria anakuonyesha taili lako limeisha upepo, funga milango kwanza ndio ushuke, mwenzake anakuwa upande wa pili.

Upande wa kukodi, wale mnaotegemea bima ya kadi za Marekani msome maandishi madogo, nyingi zinaishia siku 30 au 31 kwa mkataba mmoja. Mleta uzi ana siku 42. Kwa hiyo ile hesabu ya kusema "nitakataa bima ya kampuni, kadi yangu inalipa" kwako haisimami, lazima ulinganishe 4,200 na 2,900, sio 3,150.

Baba_Watatu:
Hilo la kadi nimetoka kupiga simu sasa hivi, ni kweli, siku 31 nje ya nchi. Asante sana Mnyakyusa.

KijanaWaThika:
Mimi naona mnabagua kukodi bure tu. Kuna mtu anakuja siku kumi, anatua Lisbon anaondokea Porto, huyo lizi ya nini? Kuna mwenye kuanzia Ugiriki au Poland, gari la Ufaransa kulifuata mpaka huko ni ziada juu ya ziada, maana nje ya Ufaransa wanapeleka miji kadhaa tu na unalipia kupelekewa na unalipia kurudisha. Kuna mwenye kupenda wiki moja na gari, wiki moja treni, tena gari. Huyo anakodi vipande vipande na anaokoa, gari halilali parking ya Amsterdam linakula pesa yeye akipanda boti. Kwa huyu jamaa wa watu sita, anaanzia Paris anaishia Paris, bibi ndani, nakubali, lizi ni yake. Ila isiwe ndio dini.

Daktari_wa_Clutch:
@KijanaWaThika umeongea kaka. Hata kukodi siku 42 uliza kama wanakuandikia mkataba mmoja, wengine wanakomea mwezi, unarudi ofisini kubadilisha gari au kusaini upya, na mkataba mpya bei inaweza kuwa mpya.

mama_Tumbatu:
Mwanangu Baba_Watatu, siti za watoto umeuliza? Huko kukodi wanatoza kwa siku, wiki sita utanunua siti nne mpya kwa hizo pesa.

Baba_Watatu:
@mama_Tumbatu shikamoo mama. Wa mwisho ana miaka minne, siti yake tunapanda nayo ndege, shirika halitozi. Wakubwa wawili nitawanunulia vile viti vya kuinulia duka la kwanza tutakalolikuta.

Wakuu nimeamua hivi. Viza ya mama kwanza, ikitoka nalipia Trafic ya lizi, kuchukua na kurudisha Paris. Wameniambia wanahitaji wiki kadhaa kabla kuandaa kadi ya gari kwa jina langu, na miadi ya mama ipo mapema, kwa hiyo muda upo. Mpaka hapo nimeweka oda ya kukodi yenye kufuta bure kama mguu wa akiba. Florence tunalala nje tunaingia na tram. Mdogo wangu nimeshamwambia habari ya usukani, kanuna.

mama_Tumbatu:
Marahaba baba. Mfikishie mama salamu zangu.

dogo_wa_Sinza:
Hivi kuendesha kulia ukitoka kuzoea kushoto inakuwaje? Nikija kutoka Bongo direct

Chuma_cha_Reli:
@dogo_wa_Sinza barabara yenye magari haina shida unafuata waliokutangulia. Tabu ni asubuhi, barabara tupu, unatoka sheli au uwanja wa hoteli unakata kona unajikuta upande wa nyumbani. Na kipilefti, unaingia kwa kulia na unampisha anayetoka kushoto kwako. Abiria wa mbele kazi yake siku tatu za mwanzo ni kusema "kulia kulia" kila mkitoka parking, hata ukikasirika.

KijanaWaThika:
Swali la mwisho kutoka kwangu, mimi nataka kwenda Desemba, nashukia Geneva upande wa Ufaransa, milima ya theluji. Lizi bado poa?

Mnyakyusa_Lyon:
@KijanaWaThika hapo uliza mataili kabla ya bei. Magari ya TT kwa kawaida yanakuja na mataili ya kiangazi. Ufaransa kwenye wilaya za milimani kuanzia tarehe 1 Novemba mpaka 31 Machi sheria inataka mataili ya baridi au minyororo ndani ya gari, Austria na Ujerumani nao wana zao barabara ikiwa na barafu. Ukichukua lizi nunua minyororo ya saizi ya taili lako na ujifunze kuifunga ukiwa parking kavu. Ila kwa wiki mbili tatu za theluji tupu mimi ningekodi, na ningekodi mahali ambapo mataili ya baridi yameandikwa kwenye oda yenyewe, sio ya kuahidiwa kaunta. Uwanja wa Geneva pia una upande wa Ufaransa na upande wa Uswisi, kaunta tofauti na bei tofauti. Ukikodi upande wa Uswisi gari linakuwa na stika yao ya hayawei tayari, upande wa Ufaransa usitegemee, na ukipitiliza ukatokea upande usio wako kurudi ni mzunguko mrefu wa kutoka nje kabisa.

KijanaWaThika:
Poa, nakodi upande wa Uswisi. Hizo faranga 40 wacha zilipwe na mwenye gari.